Deni la Uzeeni

Methali yasema ahadi ni deni. Maneno yenyewe ni matatu tu, na kila mtoto huyajua kabla hajajua kuhesabu. Lakini methali, kama ilivyo desturi yake, hutoa hukumu bila ya kutaja masharti. Haisemi ahadi hugeuka deni siku gani. Haisemi deni hilo lina kadiri gani kabla ya muda wake kuwadia. Wala haisemi linamwelemea nani iwapo aliyeahidi amekufa, au ameuza mali yake, au amegawanyika akawa watu watatu. Baina ya jirani na jirani maswali haya ni mepesi, maana aliyeahidi na aliyeahidiwa hukutana kisimani kila asubuhi. Katika malipo ya uzeeni maswali haya ndiyo jambo lenyewe, na wapo watu katika Afrika Mashariki walioingia kaburini wakingoja jawabu lake.

Aghalabu jambo hili huachiwa wahasibu, kana kwamba tarakimu hazina maadili. Hilo ni kosa. Daftari la hesabu ni ushahidi: kila mstari wake wasema nani anamwia nani, na tangu lini. Anayeacha kuandika deni hakunyamaza tu. Amesema kwamba deni halipo. Na anayeliandika dogo kuliko lilivyo amesema uwongo, hata kama kujumlisha kwake na kutoa kwake ni sahihi. Basi swali la namna ya kuandika pensheni vitabuni ni swali la maadili lililovaa nguo za kazi.

Na ichukuliwe Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, iwe mfano. Hapo ni juu ya uwanda wa Iramba, nchi ya mtama, uwele na alizeti, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Mkulima wa nchi ya namna hiyo hahitaji kufundishwa maana ya akiba. Alichovuna hakili chote, kwa sababu kiangazi ni kirefu. Sehemu yake huitia kihengeni, na kihenge ki karibu naye, akikigonga kwa kiganja ajua nafaka imebaki kiasi gani. Uzee kwake ni kiangazi kirefu kuliko vyote, na akiba yake ni mifugo, shamba na watoto. Mwajiriwa hali yake ni nyingine. Yeye pia huvuna na kuweka, lakini kihenge chake ki mbali, katika ua wa mtu mwingine, na ufunguo hana. Akitaka kujua kimebaki na nini hana la kugonga. Hana budi kusadiki karatasi.

Mtu na awaze wazee wawili wa Kinampanda, wasio na majina kwa kuwa wanasimama mahali pa wengi. Mmoja alisomea ualimu katika chuo kilichopo papo hapo, akafundisha katika shule za serikali tangu miaka ya 1970 mpaka alipotimiza umri wa kustaafu. Wa pili alikwenda kufanya kazi ya reli. Reli haikuwa kitu kigeni Iramba. Katika miaka ya 1930 njia ya tawi ilijengwa kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, na baadaye vyuma vyake vikang'olewa. Hivyo watu wa nchi hiyo walikwisha kuona kwa macho kwamba hata kitu kilichopigiliwa chini kwa misumari mikubwa chaweza kuondolewa, pakabaki tuta lenye majani.

Yule wa reli hakuajiriwa na Tanzania. Mwajiri wake alikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mojawapo ya mashirika ya Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kwa lugha ya leo, hilo lilikuwa kundi la mashirika lililovuka mipaka ya nchi: reli na ndege makao yao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe Arusha. Mtu wa Iramba aliweza kuanza kazi Voi, akahamishiwa Tororo, akamalizia Tabora, na miaka yake yote ikahesabiwa kuwa utumishi mmoja, chini ya ahadi moja ya kiinua mgongo na pensheni. Hakuuliza siku ya Jumatatu anamfanyia kazi Mkenya au Mganda. Alifanya kazi, na ahadi ikakua pamoja na miaka.

Mwaka 1977 nyumba ikavunjika. Shirika la Ndege lilikoma mwanzoni mwa mwaka. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwezi wa Februari. Na ilipofika mwisho wa Juni, nchi tatu zilishindwa kupitisha bajeti ya chombo chao. Wapiganapo fahali wawili, husemwa, ziumiazo nyasi. Hapa fahali walikuwa watatu. Kazi ya upatanishi alipewa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na ilichukua miaka. Tarehe 14 Mei 1984, mjini Arusha, mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi. Mali iligawanywa kwa mafungu: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Siku ya mgawanyo ikahesabiwa kuwa tarehe 30 Juni 1977. Na juu ya wafanyakazi ikaamuliwa kwamba kila nchi itawalipa raia wake mafao yao kwa utumishi walioutumikia, popote pale walipoutumikia.

Kwenye karatasi jawabu lilikuwa limepatikana. Lakini mwaka 2003 waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya hiyo walikuwa bado katika Mahakama Kuu ya Tanzania wakidai haki yao, na idadi yao ilipita 31,000. Mwezi wa Septemba 2005 pande mbili zilitia sahihi hati ya mapatano, na malipo yakaanza kutolewa. Wapo walioridhika, na wapo walioendelea kudai kwamba walichopewa si chote. Hapa haihusu kuamua nani kati yao alikuwa na hesabu iliyo sawa. Yatosha kutazama miaka: tangu 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Aliyekuwa na umri wa miaka 55 nyumba ilipovunjika alikuwa na miaka 83 hati ilipotiwa sahihi, iwapo alikuwa hai.

Sasa na liulizwe swali la kwanza: ahadi hugeuka deni lini? Yapo mawazo mawili ya kale yanayopingana. Wazo moja lasema pensheni ni hisani, shukrani ya bwana kwa mtumishi mwema. Basi deni huzaliwa siku bwana anapoamua kutoa, na asipotoa hana lawama ila ya uchoyo. Sheria nyingi za pensheni katika makoloni ya Uingereza zilikuwa na kifungu kilichosema waziwazi kwamba mtumishi hana haki kamili ya kulipwa pensheni. Wazo la pili lasema pensheni ni ujira uliocheleweshwa. Mtu aliyekubali mshahara wa mia moja na pensheni, hali angaliweza kudai mia moja na ishirini bila ya pensheni, amemkopesha mwajiri wake ishirini kila mwezi. Kwa wazo hili deni halizaliwi siku ya kustaafu. Huzaliwa jioni ya kila siku ya kazi, jua linapotua na jasho halijakauka.

Hoja ya hisani ina uzuri wake, maana shukrani ni jambo tukufu. Lakini haisimami mbele ya jaribio moja jepesi. Hisani ya kweli haitangazwi mapema ili ilete faida. Mwajiri anayemwambia kijana, "Kaa nasi miaka thelathini, nasi tutakutunza," amenunua kitu kwa maneno hayo: amenunua uvumilivu wa kijana, na kutokuhama kwake, na mshahara mdogo aliouridhia. Kilichonunuliwa hakiwezi tena kuitwa zawadi wakati wa kulipia bei yake. Kwa hiyo wazo la pili ndilo lenye haki, na kwa bahati njema ndilo lililoshika mizizi katika uhasibu. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 19, ambacho makundi mengi ya makampuni duniani hukifuata, chataka gharama ya mafao ya baada ya kazi iandikwe katika mwaka ule mfanyakazi alipotoa kazi yake, wala si mwaka anapolipwa. Waliotunga kanuni hiyo yamkini walidhani wanatengeneza utaratibu wa vitabu. Kumbe wameandika pia fasili ya ahadi.

Swali la pili ni la kadiri. Hapa mambo huwa magumu, kwa kuwa deni la uzeeni hutegemea vitu ambavyo hapana mtu avijuaye: mshahara wa mwisho utakuwa kiasi gani, mtu ataishi miaka mingapi baada ya kustaafu, na fedha iliyowekwa leo itazaa nini. Ndiyo maana makampuni huajiri wataalamu wa kukadiria uhai na mauti kwa hesabu. Mtaalamu huyo hukadiria malipo yote yatakayotoka, kisha huyarudisha nyuma mpaka leo kwa kuyapunguza, kwa sababu shilingi itakayolipwa baada ya miaka mingi yaweza kutimizwa leo kwa sehemu yake tu, ikiwekwa mahali pa kuzaa. Na itazamwe ahadi ya shilingi 10,000,000 baada ya miaka 20. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5, ahadi hiyo huandikwa leo kuwa shilingi 3,769,000 hivi. Kwa asilimia 12, huandikwa kuwa shilingi 1,037,000 hivi. Mzee ni yuleyule na ahadi ni ileile. Kilichobadilika ni tarakimu moja katika safu ya makisio.

Haifai kuharakisha kusema huo ni ulaghai. Kupunguza ni jambo la haki maadamu fedha huzaa kweli, na kanuni yenyewe hufunga mikono ya mwenye tamaa: kiwango hutolewa katika faida ya hatifungani bora za makampuni, na kwa fedha isiyo na soko pana la hatifungani hizo, katika faida ya hatifungani za serikali, na kwa fedha ileile itakayolipwa. Kundi lenye matawi London na Dar es Salaam haliruhusiwi kupima ahadi ya shilingi kwa kipimo cha pauni. Hata hivyo msomaji na aone hatari iliyomo. Zamani kanuni hiyo hiyo iliacha mlango wazi: makisio yalipokwenda mrama, kampuni iliruhusiwa kutoonyesha hasara mara moja, maadamu haikuzidi asilimia 10 ya ukubwa wa deni au wa akiba, kwa kufuata kilicho kikubwa, na iliyozidi yaliweza kugawanywa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mlango huo ulifungwa kwa masahihisho ya mwaka 2011, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2013. Kwa miaka mingi, basi, palikuwa na vihenge vilivyopungua bila ya vitabu kusema hivyo, na kila kitu kilikuwa halali. Uhalali na ukweli ni ndugu, lakini si pacha.

Swali la tatu, la nani anayelemewa, ndilo chungu kuliko yote. Katika kundi la makampuni kampuni mama yaweza kuanzisha mpango mmoja wa pensheni kwa ajili ya watoto wake wote. Mfanyakazi huhama kutoka tawi hili hadi lile, na kila tawi hufaidi jasho lake kwa zamu. Kanuni yauliza: yapo mapatano ya namna ya kugawana gharama? Yakiwapo, kila tawi huandika fungu lake. Yasipokuwapo, deni halisi lote huandikwa kwa yule aliye mwajiri mwenye mpango kisheria, na wengine huandika mchango wao tu. Utaratibu huu una hekima moja kubwa: hauruhusu deni kubaki njiani bila ya mwenyewe. Watu watatu wakila sahani moja na kila mmoja akisema mwenzake ndiye atakayelipa, anayedhulumiwa ni mpishi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa sahani ya namna hiyo, na somo lake ni kwamba deni halina budi kuifuata mali. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu deni la marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na hekima yake yaeleweka kwa kila dini: mrithi hana haki ya kukalia kiti ambacho fundi wake hajalipwa. Aliyerithi kichwa cha gari moshi amerithi na deni la aliyekiendesha. Mapatano ya 1984 yalikiri jambo hili kwa maneno. Lakini gati, mabehewa na majengo hayakungoja. Yalitumika na kuleta faida tangu siku nyumba ilipovunjika. Deni ndilo lililoambiwa lisubiri.

Nje ya Afrika mambo hayakuwa bora daima. Robert Maxwell alipokufa baharini mwezi wa Novemba 1991, iligunduliwa kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimetoweka katika mifuko ya pensheni ya makampuni yake nchini Uingereza. Alikuwa amefanya kihenge cha wafanyakazi kuwa mfuko wake wa suruali. Tangu siku hizo makampuni mengi yamekimbilia jawabu jingine: hayaahidi tena pensheni ya kadiri fulani, bali huahidi mchango wa kila mwezi tu, na litakalopatikana ndilo hilo. Vitabu vya kampuni husafika, kwani hapana tena deni la kukadiria. Lakini hatari haikufa. Imehama kutoka bega la kampuni, lenye wataalamu na mali, ikatua juu ya bega la mtu mmoja. Jambo hilo laweza kuwa la haki ikiwa mfanyakazi aliambiwa wazi na akapewa ujira unaolingana na mzigo. La sivyo, ni njia tu ya kulijibu swali la tatu kwa kumwelekezea kidole asiyekuwapo katika mkutano.

Yupo atakayeteta, na teto lake lina uzito: "Je, vijana wana kosa gani? Walioahidi ni wa jana, walioahidiwa ni wa jana. Kwa nini anayezaliwa leo alipe?" Hapa yule mwalimu wa Kinampanda ndiye wa kutazamwa. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa serikali ya Tanzania hawakuchangia pensheni yao. Serikali iliahidi kulipa kutoka katika hazina yake siku itakapofika. Mwaka huo uliundwa mfuko wa kuchangia. Sasa mtumishi hutoa asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15. Lakini miaka iliyotangulia, ambayo mwalimu alikwisha kuifundisha, haikuwa na mchango wowote, nao mfuko ulilazimika kuilipia. Wakaguzi walisema mara nyingi kwamba mfuko umeelemewa. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa ukawa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, nao ukalirithi shimo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilitoa kwa mfuko hatifungani maalum ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipia sehemu ya deni hilo la kale. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita. Walimu walioanza kazi baada ya 1999 walikuwa wakichanga kwa ajili ya uzee wao, na fedha yao ikiwalipa walimu waliowafundisha wao kusoma.

Mfano huu wajibu teto la kijana, na jawabu lina pande mbili. Upande mmoja, kijana hazaliwi katika nchi tupu. Amekuta reli, shule, visima na watu wanaojua kuandika. Huo ndio urithi wake, na ujira uliobaki kulipwa ni sehemu ya bei ya urithi huo. Hawezi kuupokea ujuzi wa mwalimu na kulikataa deni la mwalimu. Upande wa pili, kijana ana haki ya kulalamika, ila malalamiko yake hayamhusu mzee. Lau ahadi ingaliandikwa tangu siku ilipotolewa, na akiba ikawekwa tangu siku ilipoandikwa, kijana angalirithi deni na kihenge chake pamoja, na mzigo usingalimshinda. Dhuluma ni ya yule aliyekuwa katikati, aliyekula nafaka ya kihengeni na kuwaachia wajukuu ufunguo wa chumba kitupu. Mzee na kijana wanapogombana juu ya pensheni, mara nyingi mdaiwa wa kweli amekwisha kuondoka chumbani.

Limebaki jambo moja ambalo hesabu, kwa adili yake yote, haliwezi. Wakati, kwa mdaiwa, hupunguza deni: linalolipwa mbali ni dogo kuliko linalolipwa karibu, na tarakimu zilizotolewa juu zathibitisha. Lakini kwa mzee wakati hufanya kinyume. Mwaka mmoja kwa kijana ni sehemu ndogo ya maisha yaliyo mbele yake. Kwa mtu wa miaka 80 yaweza kuwa ndiyo maisha yote yaliyosalia. Fedha iliyochelewa yaweza kuongezwa riba mpaka ilingane na thamani yake ya awali, na mahakama hufanya hivyo. Siku ambazo mtu alikwenda bila ya dawa, au aliishi kwa kuomba chumvi kwa mkwewe, hapana kiwango cha punguzo kiwezacho kuzirudisha. Kwa sababu hiyo anayechelewesha pensheni hamchukulii mzee fedha tu. Amchukulia kile ambacho fedha ilikusudiwa kununua, yaani heshima ya kutokuwa mzigo.

Basi methali yaweza sasa kupewa masharti yake. Ahadi ya uzeeni ni deni tangu jioni ya siku ya kazi. Kadiri yake ni ile ambayo mtu mwaminifu angaliikisia kama yeye mwenyewe ndiye angalilipwa. Na mwenye kulemewa ni yeyote aliyeshika mali iliyotokana na jasho hilo, awe kampuni mama, mrithi wa kampuni iliyokufa, au nchi iliyopata fungu lake la mabehewa. Kuandika hayo vitabuni si kulipa, na hapana mzee aliyepata kupika taarifa ya fedha. Lakini deni lililoandikwa mahali pake haliwezi kukanwa kwa urahisi, na wengi waliodhulumiwa mwishoni walianza kudhulumiwa siku ile mtu mmoja, mwenye kalamu nzuri na mwandiko safi, alipoiacha safu yao wazi.